Starlet ya zamani inazima ikipata moto, na asubuhi stata inagoma

kijiti_EP82
Habari wakuu. Gari ni Starlet EP82, injini 4E-FE ya EFI (mafuta yanapulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta), yenye distribyuta (kigawa cheche kwa plagi). Shida ziko mbili. Ya kwanza, ikishachemka vizuri, hasa kwenye foleni mchana, inazima ghafla kama vile umefunga swichi. Haimisi kwanza wala haitetemeki. Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki, mpaka ikae kama nusu saa ndiyo inakubali. Mshale wa joto uko katikati muda wote.

Ya pili, asubuhi nyingine nasikia "ta" moja tu, stata haizunguki. Nikirudiarudia swichi inashika.

Plagi ni mpya, filta ya mafuta mpya, betri haijamaliza mwaka. Fundi anataka vibadilishwe pampu ya mafuta na kontroo boksi (kompyuta ya injini) kwa mpigo. Nataka kujua kwanza ni kitu gani kinakufa. Nianzie wapi?

waya_mweusi
Mkuu, weka hela mfukoni kwanza. Hizo shida mbili hazihusiani, kila moja ishughulikie peke yake. Mimi naongelea ya kuzima.

Vipimo vifanyike hapohapo gari inapokuwa imegoma. Ikishapoa kila kitu kitapima kizima na utabadilisha spea kwa kubahatisha. Kwa hiyo tembea na plagi moja ya akiba, kipande cha waya wenye ncha mbili zilizomenywa, na multimita.

Ikizima, usichomoe betri. Kodi za makosa (namba za hitilafu ambazo kontroo boksi imezirekodi) zinatunzwa na umeme wa betri, ukichomoa umefuta ushahidi. Fungua boneti, tafuta kiboksi kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Swichi ikiwa OFF unganisha TE1 na E1 kwa ule waya, kisha weka ON bila kupiga stata, na usikanyage mafuta. Hesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka na kuzima haraka kwa mwendo ule ule bila kukoma, hakuna kodi. Ikiwaka 1, ikatulia kidogo, kisha 2, ni kodi 12: kontroo boksi haipati ishara ya mzunguko wa injini kutoka kwenye distribyuta. Ikiwa 1 kisha 4, ni kodi 14: kontroo boksi haipati jibu la ignaita (kifaa kinachounga na kukata umeme wa koili) kwamba koili (inayokuza umeme wa cheche) imepiga. Ikitoka 22 ni sensa ya joto la maji, na 31 ni sensa ya vakyumu.

Sasa cheche. Chomoa waya wa plagi namba 1, chomeka ile plagi ya akiba, ilaze mwili wake ukigusa chuma cha injini, usiishike kwa mkono. Mtu apige stata sekunde 1 au 2, isizidi, maana nozeli zinaweza kuwa zinamwaga petroli. Wala usipige stata huku waya unaning'inia hewani. Umeme ukikosa njia ya kuruka unaweza kuua koili na ignaita.

Cheche ya bluu ikiwepo, hamia kwenye mafuta. Toa ule waya TE1 na E1, unganisha FP na +B, weka ON. Pampu inapaswa kunguruma kwenye tangi, na ukiubana mpira wa mafuta karibu na filta kwa vidole utahisi presha. Ikinguruma hapo lakini ukipiga stata haingurumi, pampu ni nzima. Tafuta rilei (swichi ya umeme) ya pampu au ishara inayoiwasha. Ikikaa kimya kabisa, pima kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu kabla ya kuilaumu.

Mama_Spea
Naongezea hapo kwenye mafuta, watu wengi hudanganyika. Injini hii ikikosa ishara ya ignaita, kontroo boksi inakata nozeli makusudi ili petroli mbichi isiende kwenye silensa. Utatoa plagi uikute kavu, useme "hakuna mafuta, pampu imekufa". Kumbe ni umeme. Cheche ipimwe kwanza siku zote.

fundi_stata
Mimi nijibu ile "ta" ya asubuhi. Betri iliyotulia usiku kucha isome karibu volti 12.6, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, peleka betri ikapimwe. Ikibaki juu na stata haizunguki, weka multimita kati ya nguzo chanya ya betri na boliti kubwa ya stata, mtu ashikilie swichi: isizidi volti 0.5. Halafu nguzo hasi hadi chuma cha injini: isizidi 0.2. Ikizidi, teminali zimeota ukungu au waya wa arthi umelegea kwenye gia boksi.

Vyote vikiwa sawa, ni kopa za ndani ya stata. Fungua kofia ya solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata), utaona vipande viwili vya shaba na pistoni inayovigusa. Kile cha upande wa betri huliwa zaidi, kinabaki na shimo lenye ngazi, pistoni inafika bila kukandamiza. Ndiyo maana ukirudia inashika. Badilisha vyote viwili, na wakati wa kukaza nati shikilia shaba ikae bapa. Ikipinda, pistoni itagusa upande mmoja tu na "ta" itarudi. Chomoa hasi ya betri kabla ya kushusha stata, ila kodi ziwe zimeshasomwa.

kijiti_EP82
Nashukuru sana wakuu. Imezima leo njiani. Kodi 14. Cheche hakuna kabisa. FP na +B pampu inanguruma. Nilikamua kitambaa chenye maji nikakandika koili na ignaita kwa nje, swichi ikiwa OFF, muda mfupi tu ikawaka.

waya_mweusi
Basi pampu na kontroo boksi viache. Kilichobaki ni koili, ignaita, au soketi yake. Tikisa soketi kwanza, angalia pini zenye kutu ya kijani. Kisha badilisha ignaita kabla ya koili, na iwe ya namba ile ile. Sehemu inapofungwa isuguliwe ibaki chuma kitupu. Kama yako ni ya kukaa ndani ya distribyuta, paka mgongoni grisi ya kupitisha joto, bila hiyo itaungua tena.

Ukilazimika kutoa distribyuta, chora alama kwenye mwili wake na kwenye injini, na uelekeo wa rota (kijiti kinachozunguka ndani yake). Mpangilio wa silinda kupiga cheche ni 1-3-4-2. Ukirudisha, injini ikiwa ya moto unganisha TE1 na E1, weka taa ya taimingi (ya kupimia cheche inapiga wakati gani): digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Kaza, toa waya.

Pima na waya za plagi, kila mmoja usizidi kilo-om 25. Waya uliozeeka hulazimisha koili kufanya kazi kupita kiasi, na hiyo ignaita mpya haitamaliza masika.