Naomba ushauri: laini ya akiba kwenye ruta ya gari la safari inanila hela na haisaidii

Dereva_Makuyuni

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya ruta, maana fundi aliyenifungia kila nikimpigia ananiambia "ipo sawa tu kaka", na mimi naona haipo sawa.

Nina Land Cruiser moja, naendesha mwenyewe, napeleka wageni Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Siku hizi mgeni kabla hajauliza simba wako wapi anauliza waifai ya gari. Nikafunga ruta, Teltonika RUT950, ile yenye matundu mawili ya laini, antena ziko juu ya paa. Tundu la kwanza lina laini ya kampuni, ya kulipia bili mwisho wa mwezi. La pili nimeweka laini ya kawaida ya vocha, mtandao mwingine, kwa ajili ya dharura. Nikajua nimemaliza.

Wiki mbili zilizopita niko Seronera, ndani ya Serengeti, na wageni wanne. Mmoja ana kikao cha kazini saa kumi jioni. Nikamwambia wala usihofu, laini zipo mbili. Saa kumi kasoro laini kuu ikakata. Ruta ikahamia ya pili yenyewe kama inavyotakiwa, nikajisifu kimoyomoyo. Dakika kumi baadaye intaneti hakuna. Naangalia: alama za mnara zimejaa, taa zote zinawaka, ruta imeandika imeunganishwa, ila hata ukurasa mmoja haufunguki.

Kumbe bando la laini ya pili lilikuwa la wiki, na limeisha usiku wa kuamkia siku hiyo bila kuguswa hata kidogo. Salio lilikuwa elfu kumi na tano. Limekwenda lote ndani ya zile dakika kumi. Na ruta ikang'ang'ania hapohapo. Simu yangu yenye mtandao uleule wa laini kuu ilishaanza kushika, lakini ruta haikurudi mpaka nilipozima gari. Kikao cha mgeni kikapita hivyo.

Sasa naomba kujua: nani kala elfu kumi na tano kwa dakika kumi? Kwa nini ruta haikurudi? Na nyie wenye laini za akiba za vocha, bando mnaliwekaje, maana kulipia kila wiki kitu ambacho hukitumii inauma.

mzee_wa_mtoni

Mtu kapanda ndege kuja kuona simba halafu anaingia kikaoni. Pole mkuu, wajuzi wanakuja.

fundi_antena

Mkuu Dereva, fundi wako hajakudanganya sana. Ruta imefanya alichoiambia, tatizo ni kwamba aliiambia kidogo.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni kwamba ruta hiyo ina matundu mawili lakini modemu, yaani kifaa cha ndani kinachoongea na mnara, ni moja. Ni kama nyumba yenye milango miwili na mtu mmoja ndani. Akiwa amesimama mlango wa nyuma, hajui nani anabisha mbele. Ikiwa kwenye laini ya pili haina namna ya kuchungulia kama laini ya kwanza imepona. Njia pekee ni iiache ya pili, ijisajili upya kwenye mtandao wa kwanza, ijaribu. Kwa hiyo lazima uiwekee muda: baada ya dakika kadhaa kwenye laini ya akiba, rudi ya kwanza ukajaribu. Bila kuweka muda huo inakaa mpaka mtu azime gari, ndicho kilichokukuta.

Muda gani? Hapo ndipo watu wanapokosea. Ukiweka dakika mbili, eneo ambalo laini kuu imekufa kabisa utakuwa unakatwa kila dakika mbili, na kila kuhama kunakula nusu dakika mpaka dakika nzima. Mgeni akiwa kwenye simu ya video atakuchukia. Mimi kwa gari naweka nusu saa. Kwa duka au zahanati ambako ruta haitembei ningeweka zaidi.

Cha pili: ruta yako inapima nini ndipo iamue laini imekufa? Nina uhakika fundi kaweka kipimo cha mnara na "imeunganishwa". Hivyo havitoshi kwa laini ya vocha. Laini isiyo na salio bado inasajiliwa kwenye mtandao, bado inapewa anwani ya IP, na mnara unajaa vilevile. Kwa macho ya ruta ni laini nzima. Weka kipimo cha pingi: iite anwani ya nje kama 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kila sekunde ishirini, ikikosa majibu mara tatu ihame. Usiite anwani ya ndani ya mtandao wako wa simu, hiyo inaweza kuitika hata huna senti. Pingi zenyewe usiziogope, kwa mwendo huo hazifiki hata MB moja kwa siku.

Elfu kumi na tano nitarudi kuielezea, nipo juu ya ngazi.

binti_karatu

Nina kambi ndogo ya mahema huku Karatu, ruta tofauti lakini mchezo ni uleule. Kaka, laini ya akiba ya vocha ni kama kuku wa kienyeji. Usipomwangalia unamkuta kafa.

Mimi nilishaacha bando la wiki. Laini ya akiba inakaa na bando la mwezi, dogo, na tarehe ya kuisha nimeiandika ukutani kwenye kalenda ya jikoni, siyo kwenye simu, kwa sababu kwenye kalenda hata mpishi anaiona. Ndiyo, miezi mingine linaisha halijaguswa. Naliweka kwenye hesabu ya ulinzi, pamoja na mshahara wa askari wa usiku. Askari akikaa mwezi mzima bila mwizi kuja humwambii arudishe mshahara.

Halafu salio kuu acha SIFURI. Usiweke vocha ya ziada "kwa tahadhari". Bando likiisha, intaneti inaanza kula salio kwa bei ya nje ya bando na hiyo bei huiwezi. Likiwa sifuri, bando likiisha inakata tu na hasara imeishia hapo.

Kuhusu kununua bando bila kuichomoa laini: tumia simu nyingine ya mtandao huohuo, kwenye menyu chagua kununulia namba nyingine. Ruta za aina yako zikiwa na programu mpya nazo zinaweza kupiga namba za nyota zenyewe, ingia kwenye ukurasa wake utafute. Na SMS za mtandao zinaingia kwenye ruta, siyo kwako, kwa hiyo ule ujumbe wa "kifurushi chako kinakaribia kuisha" ulikuja, ila ulisomwa na chuma. Iambie ruta izitume SMS kwenye simu yako. Zinakata vocha kidogo, kwa hiyo ziweke zitoke kupitia bando la SMS.

Narok_Line

Salamu kutoka Narok. Huku kwetu kwa hii kazi tunatumia data isiyoisha muda, Safaricom waliileta 2019. Unanunua, inakaa hata miezi, inatumika siku laini kuu ikilala. Ni ghali kwa kila MB lakini kwa laini ya akiba hesabu inakubali, kwa sababu hutupi kitu. Angalia menyu za huko kwenu kama mtandao wako unayo.

Lingine bosi: wewe ukikaribia mpaka, funga roaming, ile ya laini kushika mtandao wa nchi jirani, kwenye hiyo laini ya pili. Madereva wa upande wenu wakifika Namanga simu inawakaribisha Kenya wakiwa bado Tanzania. Ruta haisomi salamu, inaunganisha tu, na kredo inaisha ukiwa kwenye foleni.

Dereva_Makuyuni

Aisee nashukuru sana. Binti Karatu, hilo la chuma kusoma SMS limenichekesha lakini ni kweli, nimeingia ndani ya ruta nimekuta SMS zaidi ya arobaini. Ya kuisha kwa bando ipo, ya saa tano usiku.

Ila bado swali la elfu kumi na tano. Wageni wanne, mmoja tu ndiye alikuwa anajiandaa na kikao. Wengine walikuwa wanaangalia chui mtini.

fundi_antena

Walikuwa wanampiga picha huyo chui. Hapo ndipo hela yako ilipo.

Simu ikiona waifai inaamini ni waifai ya nyumbani, ya bure, inaanza kupandisha picha na video zote za siku kwenye hifadhi ya mtandaoni. Video moja fupi ya simu za siku hizi ni mamia ya MB. Mwenye simu hajui, simu iko mfukoni. Zidisha kwa wanne. Laini kuu yako ya bili ilikuwa inameza huo mzigo kimyakimya siku zote, laini ya vocha ikatapika.

Fanya mambo mawili. Kwenye ruta weka kikomo cha data kwa tundu la pili, kwa mfano bando lako likiwa GB 5 kikomo kiwe 4.5, kikifika ifunge. Tarehe ya bando ikiwa haijapita, hata binti hapo juu angesahau vocha ndani, haitaliwa. Halafu wape wageni waifai yao tofauti na yako, uipunguze kasi kwa kila simu. Kasi ya kutosha WhatsApp na barua pepe inatosha. Picha zitapanda wakifika loji. Mwenye kikao unampa nywila ya waifai yako, ile isiyobanwa.

Hayo yakishindikana kwa sababu mtu anataka intaneti isiyokatika hata sekunde, basi siyo suala la mipangilio tena, ni ruta yenye modemu mbili kama RUTX12, na bei yake ukae chini kwanza. Njia ya maskini: weka laini ya akiba kwenye MiFi kuukuu, ile ruta ndogo ya mfukoni yenye betri, ruta iikamate MiFi kwa waifai kama njia ya pili. Hapo laini zote mbili ziko hewani muda wote, na kuhama kunakuwa kwa sekunde chache. Shida ni betri ya MiFi kuvimba kwenye joto la dashibodi.

jicho_la_tai

Wote mmesema vizuri ila mmeruka jambo. Mitandao miwili tofauti haimaanishi minara miwili tofauti. Kampuni za minara kama Helios Towers zinapangisha mnara mmoja kwa mitandao kadhaa. Umeme ukikata na betri za mnara zikaisha, laini zako zote mbili zinazima pamoja na unabaki unailaumu ruta. Kwa hiyo laini ya akiba usiichague kwa bei ya bando. Ichague kwa kupita njia yako na simu mbili mkononi: Makuyuni, Mto wa Mbu, geti la Lodoare, geti la Naabi, Seronera. Unatafuta mtandao unaoshika pale ambapo laini kuu inakufa. Ukishika vizuri palepale ambapo laini kuu nayo inashika, haujakusaidia chochote.

Na kuna siku hakuna laini itakayokuokoa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mtu mwenye laini tano na mwenye laini moja walikaa benchi moja.

Mwisho, hiyo laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Nimeona ofisi ambapo laini ya ruta ilikuwa kwa NIDA ya kijana aliyeshaondoka. Siku ilipotakiwa kurudishwa baada ya kupotea, kijana akataka alipwe. Piga *106# uone namba zilizo kwa jina lako. Kama una kampuni, isajili kwa jina la kampuni. Na usiiache miezi bila kuitumia, laini iliyolala sana inafungwa na namba anapewa mwingine.

mzee_wa_mtoni

Kumbe uzi umekuwa darasa. Nina ruta ya dukani, naomba nami nitumiwe PM na fundi.

Dereva_Makuyuni

Wakuu, narudi na majibu, nimetoka safari ya siku tano jana.

Nimeweka pingi, muda wa kurudi nusu saa, kikomo cha data, na waifai mbili. Roaming nimefunga. Bando la mwezi, salio sifuri. Laini ya pili nimeibadilisha kabisa baada ya kupita njia na simu mbili kama Jicho alivyosema. Ile ya zamani ilikuwa inashika kila mahali ambapo laini kuu inashika, na inakufa kila mahali inapokufa. Miezi yote hiyo nililipia kivuli cha laini moja.

Kuelekea Naabi ilihama yenyewe, nikahesabu kama dakika moja na nusu hakuna intaneti, halafu ikarudi. Wageni hawakugundua. Data iliyotumika laini ya pili safari nzima haikufika hata GB moja.

Kreta ya Ngorongoro ndio imenishinda. Chini kule, na kuta zile pande zote, laini zote mbili zinashika kamnara kamoja ka mbali, pingi inapita mara moja inakosa mara mbili, ruta inahama huku na huku kama mbuzi aliyepoteza mama. Fundi, hapo kuna dawa? Kwa sasa nikianza kuteremka nazima ruta kwa swichi na kuwaambia wageni intaneti itarudi tukipanda.

fundi_antena

Dawa ndiyo hiyo uliyoipata. Ila usizime kabisa, iambie tu isihame, ifunge kwenye laini moja mpaka mpande. Kila ikihama inatafuta mtandao upya, na antena za juu ya paa haziwezi kupenya ukuta wa mita mia sita.

binti_karatu

Na tarehe ya bando umeiandika wapi?

Dereva_Makuyuni

Kwenye kioo cha gari, kwa kalamu ya wino mzito. Tarehe 19.