Hiace 4WD, Space Gear au D:5 kwa familia ya watu 7 (Ruaha, Katavi, Kitulo)

mzee_wa_mizigo
Wakuu, natafuta gari la familia, watu 7 na mizigo. Hifadhi za Ruaha na Katavi tutakwenda kiangazi, Kitulo tutapandia kona 57 za Chimala msimu wa maua, yaani mvua bado zipo. Nimebaki na Toyota Hiace 4WD ya dizeli, Mitsubishi Delica Space Gear na Delica D:5. Lipi linafaa, na nikague nini kabla ya kulipa?

gereji_uyole
Mkuu, Kitulo ndiyo itakuamulia. Ruaha ya Agosti Hiace inafika bila shida, ila haina gia nzito (low range, ile ya kupanda na kushuka polepole kwa nguvu). 4WD yake inasubiri tairi za nyuma ziteleze kidogo ndipo nguvu iende mbele, na kwenye tope la mlimani huo muda mdogo unatosha mkia kuingia mtaroni. Kushuka na otomatiki iliyojaa watu, weka gia ya chini tangu juu, usisubiri breki zinuke.

Ukiichagua, soma namba ya chesesi, stika ya mlangoni achana nayo. KDH206 ni 4WD, KDH201 inasukuma nyuma tu. Halafu njoo kwenye injini, 1KD. Iwashe ikiwa baridi kabisa, siti ya mbele imeinuliwa, maana injini iko chini yake. Ukisikia "chu-chu-chu" au ukiona masizi yaliyoganda kuzunguka nozo (zinazopulizia dizeli), zile pete (washa) za shaba chini yake zinavuja. Moshi unapenya kwenye oili, oili inakuwa nzito, na lile chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) linaziba. Taa ya oili ikija kuwaka, beringi zimeshakwisha. Kwa hiyo sampu ifunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.

Tairi zote 4 ziwe saizi moja na zimelika sawa, la sivyo kapulingi ya 4WD (inayopeleka nguvu mbele) inachemka mpaka inakamata.

dizeli_tupu
Kwa Chimala mimi ni Space Gear ya injini ya dizeli ya 4M40. Ina 2H (tairi 2), 4H (tairi 4), 4HLc (tairi 4, difu ya kati imefungwa) na 4LLc (hiyohiyo na gia nzito). Tope, 4HLc. Mteremko mkali, 4LLc, injini yenyewe inashikilia gari. Kwenye lami kavu usiache kwenye Lc, utaua gia boksi.

Ugonjwa wake ni joto, hedi inapasuka. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama maji: mapovu yasiyokoma, ondoka. Na ukiagiza nje, uzalishaji uliisha 2007, hivyo ushuru wa uchakavu uweke kwenye hesabu.

mzee_wa_mizigo
Asanteni. D:5 hamjaigusa?

gereji_uyole
Ya petroli ni CVT (otomatiki ya mkanda, haina gia za hatua), gia nzito hakuna. Njia ndefu hiyo ni raha kuliko zote mbili, lakini kwenye mchanga wa mto mkavu CVT inachemka na gari linajipunguzia nguvu. Ya dizeli, kuanzia 2013, ina otomatiki ya kawaida ya gia 6 (gia 8 kuanzia toleo la 2019), afadhali. Ila kwenye ekzosti ina chujio la masizi, na safari fupifupi za mjini zinaliziba.

Lolote utakalochukua, mchangani shusha upepo hadi psi 20 na uwe na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Ukirudi lamini na psi 20, watu 7 ndani, tairi inapasuka ubavuni.