Nyota inayowaka na kufifia inatuambiaje chuma kiko wapi kwenye galaksi?

Mvuvi wa Igombe

Wakuu, habari za usiku. Mimi navua dagaa, mwalo wa Igombe hapa Mwanza. Kazi yetu ni ya giza. Mbalamwezi ikitoka tunabaki nchi kavu. Tukishaziacha taa zikielea, tunangoja dagaa wakusanyike, na muda huo nalala chali mtumbwini natazama juu.

Giza la Agosti niliifuatilia nyota moja ya kundi la Ukabu (Aquila), kusini ya Altair, nyota kali kuliko zote za kundi hilo. Usiku wa kwanza ilikaribia kulingana na jirani yake, Delta. Siku ya tano imefifia mno. Juma linakwisha, imerudi vilevile. Binti yangu wa kidato cha tatu akanitafutia kwenye simu: inaitwa Eta Aquilae, na Edward Pigott wa Uingereza aligundua mwaka 1784 kwamba inabadilika. Ila akanisomea pia kwamba nyota za aina hii hutumika kujua kuna chuma kiasi gani sehemu mbalimbali za galaksi yetu. Hapo nimekwama. Kufifia kunahusiana vipi na chuma?

Mwalimu mstaafu, Nansio

Ndugu yangu, jibu unalo kwenye taa zako. Ukiwa ziwani unaona taa za wenzako zimejipanga kama mji. Ile hafifu pale, ni taa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali? Macho hayawezi kukuambia. Ungejua nguvu ya taa yenyewe, ungekadiria umbali.

Nyota yako ni ya jamii ya Sefeidi, na Sefeidi hutaja nguvu yake. Henrietta Leavitt wa Harvard alichapisha mwaka 1912 vipimo vya 25 kati yake, zote za Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, yaani zote zipo umbali unaokaribiana. Akaonyesha kwamba inayochukua siku nyingi kuwaka, kufifia na kuwaka tena, ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Yako huchukua siku 7 na kama saa 4. Ukihesabu siku unapata nguvu. Ukilinganisha na inavyoonekana kwako, unapata umbali.

Chuma ni habari nyingine. Mwanga wa nyota ukitawanywa rangi zake kama upinde wa mvua, huonekana mistari myeusi mahali ambapo atomi zimemeza mwanga. Chuma kina mistari yake, kalsiamu ina yake, na ukali wa mistari huonyesha kiasi.

Sasa unganisha. Mtu akikuletea ndoo ya dagaa bila kukuambia amewavua wapi, utajua dagaa, lakini ziwa hutalijua. Sefeidi inaleta ndoo pamoja na mahali ilipovuliwa. Ndiyo maana naipenda kuliko nyota zote. Kwa kukusanya mamia ya ndoo hizo imeonekana kwamba chuma ni kingi upande wa kitovu cha Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, na kinapungua kuelekea pembeni, takriban nusu kwa kila miakanuru 20,000 (mwakanuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Sisi na Jua letu tuko kama miakanuru 26,000 kutoka kitovuni.

Dada wa Nyegezi

Shikamoo Mwalimu. Naomba kuongeza, na kusahihisha kidogo. Sefeidi ni changa, umri wake ni makumi au mamia ya mamilioni ya miaka, kwa hiyo zinaonyesha galaksi ya siku za karibuni. Ukitaka ya kale unaziendea nyota za jamii ya RR Lyrae, ambazo huwaka na kufifia ndani ya siku moja na zina zaidi ya miaka bilioni 10. Chuma chake kwa kawaida ni kidogo sana. Na kwa hizi, mdundo wenyewe unasema kitu juu ya chuma: ukichora mwanga wake unavyopanda na kushuka, umbo la mchoro pamoja na muda wa mzunguko hukadiria chuma bila kutawanya rangi. Hilo ni muhimu, kwa sababu Gaia, chombo cha angani cha kupima nyota, kilituletea mwaka 2022 RR Lyrae zipatazo 270,000. Nani atatawanya mwanga wa zote hizo moja moja?

Mwalimu mstaafu, Nansio

Marahaba, binti. Umenisahihisha vizuri, mimi nilibaki kwenye Sefeidi.

Mvuvi wa Igombe

Nimewaelewa, na binti yangu nimemsomea yote. Swali lake: kwa nini pembeni chuma kipungue?

Dada wa Nyegezi

Chuma hutengenezwa na nyota na kumwagwa zinapolipuka. Kwa ndani gesi ilikuwa imesongamana zaidi, nyota zikazaliwa mapema na kwa wingi, vizazi juu ya vizazi, kila kimoja kikiacha chuma kwenye gesi ya kinachofuata. Pembeni kazi hiyo imekwenda polepole.

Kaka, endelea kuiandika nyota yako, tarehe na saa. Ilinganishe na Delta ikiwa kali, na ikiwa hafifu na Iota, nyota nyingine ya kundi hilohilo.

Mvuvi wa Igombe

Daftari nimenunua. Jana saa tatu usiku, utosini kabisa: imeipita Iota, Delta bado haijaifikia. Leo tunatoka tena.