Mtoto wangu anatesa paka, ni utoto tu au kuna kitu?

Mama Wawili: Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, jana nimemkuta uani kafunga kitoto cha paka kamba shingoni anakiburuza kwenye sakafu huku anakiambia "leo utanitambua", yani sauti kaikaza kama mtu mzima. Nilitetemeka. Baba yake anasema watoto wa kiume ndo walivyo ataacha mwenyewe. Nimchape au nimwache?

Mwl. wa Msingi: Dada usimchape, ukimchapa umemfundisha kilekile, mkubwa kumuumiza mdogo. Watoto kibao wanarushia mijusi mawe kwa kutojua tu, ukiwaelewesha wanaacha. Ila huyo wako anaburuza na maneno juu. Hayo maneno kayatoa wapi?

Kaka wa Bondeni: Mwalimu kauliza la maana. Mimi nimekulia nyumba ambayo mzee alikuwa anampiga mbwa wetu na mpini wa jembe mbele yetu, sisi kimya tunasubiri zamu yetu, na zamu ilifika, akaanza na mama halafu sisi. Nilipofika darasa la sita na mimi nikawa nampiga mateke yule mbwa, nikimaliza najiona mkubwa, nasema ukweli. Nimekuja kuoa, siku moja nikamnyanyulia mke wangu mkono nikaona kabisa ule ni mkono wa mzee. Nilienda kwa mshauri nasaha, leo nina miaka 41 sijarudia. Sio kila aliyeona anakuwa mkatili, ila bila mtu wa kukusaidia ni kazi mno.

Ustawi Mstaafu: Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliuingiza ukatili kwa wanyama kwenye dalili za matatizo ya tabia ya watoto tangu 1987, na FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya huko, kuanzia 2016 wanazihesabu kesi hizo kama kundi la peke yake, maana nyumba anayoteswa mnyama mara nyingi na binadamu anaumia humo humo. Hapa kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mama nenda ustawi wa jamii halmashauri, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mama Wawili: Asanteni. Mwalimu, hayo maneno ni ya baba yake, anamwambiaga mbwa akikojoa barazani. Na mimi kaniambia mara mbili mwaka huu, mtoto amekaa palepale anakula. Kitoto cha paka nimekipeleka kwa jirani. Kesho naenda ustawi.