Waliowahi kumuona mtu aliyepata sumu ya dawa ya wadudu, tupeane uzoefu

Mtoa mada: Wakuu, leo nimepita mahali kijana anapulizia dawa kifua wazi, bomba linamvujia mgongoni. Nikamkumbuka shemeji yangu. Alirudi akisema haoni vizuri. Mara jasho, machozi, mate yanamtiririka kama mtoto anayeota meno, akatapika, akahara, mkojo ukamtoka palepale. Mboni zilisinyaa zikawa nukta. Misuli ya mapaja na kope ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, kisha akalegea mwili mzima. Kifuani anakoroma maji. Na wala hakuinywa, ilipita kwenye ngozi tu!

Nyuki Mkali: Hapo kwenye kukoroma nimesisimka. Nimewahi kuisikia sauti hiyo.

Babu K: Mngempa maziwa fasta.

Nesi wa Zamu: Babu, shikamoo, lakini hapana. Maziwa hayaiondoi sumu hiyo, na mtu aliyelegea ukimnywesha au kumtapisha, vitu vinaingia mapafuni. Mvueni nguo zote, mwosheni kwa sabuni na maji mengi mkiwa na glavu, mkimbizeni hospitali na chupa ya dawa.

Babu K: Marahaba. Mbona jirani alikunywa maziwa akapona?

Nyuki Mkali: Alipona kwa sababu sumu ilikuwa kidogo, mzee wangu.

Mtoa mada: Nesi, kwa nini kila kitu kinatoka kwa pamoja?

Nesi wa Zamu: Neva huamrisha tezi na misuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Kuna kimeng'enya kinachoivunja amri ikishafika. Dawa za kundi la oganofosfati hukifunga, kwa hiyo amri haikatiki: tezi zinamwaga, mapigo ya moyo yanaweza kushuka, misuli inatetemeka hadi inapooza. Atropini, dawa ya hospitali ya kupambana na sumu hiyo, hukausha kifua na kuinua mapigo, ila haigusi udhaifu wa misuli.

Daktari Mwanafunzi: Na inaongezwa hadi mboni zitanuke.

Nesi wa Zamu: Usiwafundishe watu hivyo! Sikiliza kifua kikauke, angalia mapigo na presha. Nimemuona aliyezidishiwa: ngozi kavu ya moto, moyo unakimbia, anachuma vitu hewani.

Dada wa Pili: Yangu ni nzito. Kaka alishatulia, anaongea, tukaanza kupanga kurudi nyumbani. Siku ya tatu akashindwa kuinua kichwa kwenye mto. Shingo haina nguvu kabisa. Baadaye pumzi ikawa fupi, wakamkimbiza kwenye mashine ya kupumulia. Kumbe udhaifu huo unaweza kuja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, mgonjwa akiwa anaonekana amepona. Namshukuru Mungu, yuko hai.

Nyuki Mkali: Mashine alikaa muda gani? Aliweza kutembea baadaye?

Babu K: Pole sana mwanangu. Maziwa nimeyaacha. Sasa hiyo nguo iliyolowa dawa inafuliwa au inatupwa?

Nesi wa Zamu: Ifungwe kwenye mfuko, Babu, itupwe. Hata viatu na mikanda ya ngozi, haitakati.