Thaddeus Stevens: wakili wa mwenye mtumwa, kisha adui wa utumwa?

Swali
Stevens anasifiwa kuwa mbunge wa Pennsylvania aliyewapigania weusi kuliko karibu wenzake wote. Mbona 1821 alisimama upande wa mwenye mtumwa na kushinda? Ni huyu huyu? Na kesi ya 1868 ya kumwondoa Rais Andrew Johnson madarakani ilikwamaje kwa kura moja tu?

Mpekuzi
Ndiye huyo huyo. Kesi ni Butler dhidi ya Delaplaine. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimzuia mgeni kumweka mtumwa jimboni zaidi ya miezi sita. Ikizidi, mtumwa yuko huru. Charity Butler alikuwa akiletwa kutoka Maryland na kurudishwa, na upande wake ulitaka siku zote zijumlishwe. Stevens akang'ang'ania kwamba miezi sita lazima iwe mfululizo. Mahakama ikamkubalia, Charity na watoto wake wakabaki utumwani. Kisheria hoja ilikuwa kali. Matokeo yake ndiyo doa ambalo wanaomsifu hulipita haraka.

Kalamu Nyekundu
Usiishie 1821. Mwaka 1838 alikataa kutia saini katiba mpya ya Pennsylvania kwa sababu iliwapa kura wanaume weupe peke yao. Mwaka 1851 akawa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa kwa uhaini baada ya ghasia za Christiana, Pennsylvania, ambako mmiliki aliyekuja kuwakamata watumwa waliotoroka aliuawa. Hapo serikali ilijichongea: uhaini, kwa Katiba ya Marekani, ni kuipiga vita nchi au kuwasaidia adui zake, na ushahidi haukufika huko. Hata Jaji Grier aliwaambia hivyo wazee wa baraza. Walimwachia Hanway baada ya kama dakika 15.

Mpekuzi
Kuhusu Johnson, wengi huchanganya hatua mbili. Baraza la Wawakilishi hushtaki kwa wingi wa kawaida. Tarehe 24 Februari 1868 kura zilikuwa 126 kwa 47. Seneti ndiyo huhukumu, na inataka theluthi mbili. Majimbo 10 ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe yalikuwa bado hayajarudishiwa viti, kwa hiyo maseneta walikuwa 54 na zilihitajika kura 36. Zikapatikana 35 dhidi ya 19, kwa kuwa Warepublican saba walijitenga na chama chao.

Muulizaji
Walianza na shitaka lipi?

Kalamu Nyekundu
La 11, ambalo Stevens mwenyewe alilisukuma. Lilikusanya tuhuma kadhaa pamoja ili seneta aliyesita kuhusu moja akamatwe na nyingine. Stevens alikuwa mmoja wa waendesha mashtaka saba, mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye kiti. Alifariki tarehe 11 Agosti mwaka huo huo. Shitaka la 11 lilianguka tarehe 16 Mei. Siku kumi baadaye wakapigia kura la 2 na la 3: 35 kwa 19, vile vile.