Mwanasaikolojia akilemewa anakwenda kwa nani? Nipo Mtwara, naombeni ushauri

Binti Mikindani (mleta mada), Desemba 2021

Habari za jioni wadau. Naombeni mnisome hadi mwisho.

Mimi ni mwanasaikolojia, nimeajiriwa katika hospitali moja binafsi huku Mtwara. Nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni kukaa na watu na kuwasikiliza: waliofiwa, wanaoishi na VVU, akina mama waliojifungua wakakosa raha. Tangu korona ilipoingia nchini Machi 2020, manesi na madaktari nao wamekuwa wateja wangu.

Wingi wa watu ningeuweza. Kinachonielemea ni hii misiba. Mwaka jana wapo waliozikwa na watu wa afya, ndugu wamesimama mbali, hakuna aliyeruhusiwa kuosha maiti wake. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo. Watu wanalala matangani, kina mama wanapika, khitma inasomwa, arobaini inafika, mtu anaanza kurudi kwenye hali yake. Mfiwa aliyekosa yote hayo anakuja kwangu mwaka mzima baadaye na bado ananiuliza kama aliyezikwa alikuwa kweli ndugu yake. Yalipokuja mawimbi mengine, kwenye familia nyingi ikawa marehemu "alipata changamoto ya upumuaji", basi, mazungumzo yanaishia hapo. Wanaobaki na hofu na maswali wanayaleta kwangu.

Julai mwaka huu akafariki mjomba wangu, aliyenilea na kunisomesha. Nyie wa kusini mnajua mjomba ni nani. Nilirudi kazini wiki hiyohiyo kwa sababu kitengo kizima ni mimi peke yangu, na watu walikuwa wanasubiri kwenye benchi.

Sasa hivi mtu analia mbele yangu, natikisa kichwa, maneno yanayotakiwa yanatoka, lakini ndani sisikii kitu. Mtoto akitaka kunisimulia ya shuleni namwambia baadaye. Naamka saa tisa usiku na maneno ya wateja yananizunguka kichwani. Simu ikiita nashtuka, maana tulipoanza kuhudumia kwa simu wengi walipata namba yangu binafsi. Juzi redio ikatangaza kirusi kipya, Omicron. Niliizima, nikashindwa hata kupika.

Mji wenyewe huu mdogo. Nikifungua faili hospitali nyingine hapa, kabla ya adhuhuri wenzangu wote wanajua. Bosi nilimgusia, akanijibu, "Si wewe ndiye mtaalamu?" Mume wangu anasema niache kazi, nikasimamie mikorosho ya familia Tandahimba. Nakaribia kumkubalia, na kazi hii naipenda. Nifanyeje?

Mzee wa Minada

Pole mwanangu. Ila sisi tumezika wazazi na watoto bila mwanasaikolojia na maisha yakaendelea. Swali sala zako, pumzika, kunywa tangawizi yako, hili nalo litapita. Na kazi ya mshahara usiiache. Mimi nauza korosho tangu ujana, bei ya mnada huu haikuahidi chochote kwa mnada ujao.

Nesi wa Masasi

Shikamoo mzee. Hapo kwenye bei nakubali. Hayo mengine, samahani, hapana. Nyie mlizika mkiwa na majirani ukumbini wiki nzima, na dada huyu anahudumia watu walionyimwa hilohilo. Mimi wimbi la tatu nilikuwa wodini. Kuna usiku mitungi ya oksijeni haikutosha, na sitaki kuusimulia zaidi. Aliyenisaidia nikaweza kulala tena ni mshauri nasaha mmoja. Nikimaliza kusema natoka, anaingia mwingine. Leo ndiyo najiuliza yeye alikuwa anayapeleka wapi. Mganga hajigangi, mzee wangu.

Mzee wa Minada

Marahaba. Nimekuelewa, mwanangu. Endeleeni.

Mnasihi Dodoma

Dada, tupo fani moja, kwa hiyo utanielewa kwa nini naanza na swali hili: unawaza kufa, au unatamani usiku upite usiamke? Kama ndiyo, mengine yote yasubiri. Mwambie mumeo leo na kamwone daktari, hata kama ni huko Lindi ambako hawakujui.

Kama siyo, tuendelee. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lilieleza uchovu uliopitiliza wa kazi kuwa ni jambo linaloletwa na mazingira ya kazi, na halikuuita ugonjwa. Likataja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona unachofanya hakina manufaa. Mbili za kwanza umeziandika mwenyewe. Ya tatu sijaiona, ndiyo maana sikushauri uache kazi kwa sasa. Hayo maneno ya wateja saa tisa usiku ni kitu kingine kidogo. Charles Figley wa Marekani aliandika miaka ya 1990 kuhusu uchovu wa huruma, kwamba msikilizaji wa maumivu hupata dalili zinazofanana na za aliyeumizwa. Ganzi unayoisikia haina maana kwamba umekuwa mtu mbaya.

Wala hauko peke yako. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliwauliza watoa huduma wa huko: mwaka 2020 asilimia 41 walisema wamechoka kiasi hicho, mwaka huu ni asilimia 46. Nchi yenye wanasaikolojia wengi vile! Wewe uko peke yako kitengo kizima.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni mjomba. Umeeleza vizuri mno mfiwa asiyekaa matanga anavyobaki, halafu ukasema ulirudi kazini wiki hiyohiyo. Dada, umejieleza mwenyewe. Kupunguza wateja kutapunguza uchovu, hakutakulilia mjomba. Hayo mawili yatenganishe.

Kwa wiki hizi: waliofiwa wasizidi wawili kwa siku, na wasifuatane. Nunua laini ya kazi, na ikifika saa kumi na mbili jioni izime, ukiwaachia wateja namba ya hospitali kwa dharura. Tafuta mwanasaikolojia mwenye uzoefu nje ya mkoa akusimamie kwa simu, umpelekee kesi zinazokukwama bila majina. Kwa ajili yako mwenyewe, tafuta mwingine tofauti na huyo. Kama ni Dodoma au Dar, faili lako halitapita mbele ya macho ya mtu yeyote wa Mtwara.

Utumishi Dar

Naongeza la sheria, maana upo sekta binafsi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Likizo ya msiba yenye malipo ni siku 4, na inataja mtoto, mwenza, mzazi, babu na bibi, mjukuu, kaka na dada. Mjomba hayumo. Kwa watu wa kusini hilo linauma, ila mwajiri hakatazwi kukupa zaidi ya hapo. Bosi usimwendee kwa mdomo tena. Andika barua: idadi ya wateja kwa mwezi, upo peke yako, unaomba likizo tarehe fulani na mtu wa pili kwenye kitengo. Ya mdomo yanajibiwa kwa mdomo.

Ustawi Nachingwea

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Huku tupo watatu, na mwingine yuko Lindi mjini, tunapigiana simu kila Alhamisi usiku. Hakuna kutaja jina la mteja wala kijiji, anayeongea haingiliwi, na hatupeani ushauri mpaka mtu auombe. Tulianza baada ya mwenzetu kuacha kazi ghafla. Karibu.

Binti Mikindani

Asanteni sana. Mnasihi, jibu ni hapana, sijafika huko, na nashukuru umeuliza waziwazi. Uliposema la mjomba nilisoma mara mbili, nikampa mume wangu simu naye asome. Tumekubaliana mikorosho isubiri. Barua ninaandika kesho, naomba likizo ya siku 28, na wiki ya kwanza nakwenda Newala kwa mama, tumsomee mjomba khitma ambayo sikuikalia.

Kinachonishinda ni wateja. Kuna watatu ambao nikiondoka ghafla wataumia. Nawaambiaje?

Mnasihi Dodoma

Waambie mapema, wiki mbili kabla, na utaje tarehe ya kurudi. Sababu sema ni likizo, inatosha. Hao watatu nitumie ujumbe faragha, nitakutafutia mwenzangu wa kuwapigia kwa kipindi hicho, kama wenyewe wataridhia.

Ustawi Nachingwea

Na Alhamisi hii tunaanza saa mbili usiku. Nitumie namba, lakini hiyo laini mpya ya kazi usinipe.